Sumaku na Walinzi wa Ubongo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sumaku alikuwa na kazi tatu: kufagia vipande vya nyuzi na vitambaa chini ya cherehani ya mama yake, kuchemsha chai, na kumwamsha mama yake mdogo. Hiyo ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote.

"Mama mdogo, saa kumi na mbili na nusu."

"Nimeshaamka," sauti ilijibu kutoka chini ya shuka.

"Umeamka mdomo tu. Miguu bado imelala."

Mama yake alikuwa fundi wa kushona nguo, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake. Mama mdogo alikuwa mtaalamu wa maabara katika taasisi moja ya utafiti wa magonjwa ya ubongo. Watu wa mtaani walimwita daktari, naye kila siku aliwasahihisha, na kila siku wakaendelea kumwita hivyo hivyo.

Jina la Sumaku alipewa na wenzake uwanjani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita na kipa wa timu ya wasichana. Mpira ukielekea golini kwake ulikuwa kama umeitwa. Uliishia mikononi mwake. Mbele yake alicheza beki aliyeitwa Ukuta, msichana mrefu mwenye sauti nzito, ambaye hakupenda kushindwa hata katika kuruka kamba. Wawili hao walikuwa marafiki tangu darasa la kwanza. Mwaka huo timu yao ilifika fainali ya shule za jirani kwa mara ya kwanza, na fainali ilipangwa kuchezwa siku ya Jumatano.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, wakiwa mazoezini, ilipigwa kona. Sumaku aliruka kuudaka mpira, na Ukuta akaruka kuupiga kichwa. Hakuna aliyeufikia. Vichwa vyao viligongana kwa kishindo kilichosikika hadi katikati ya uwanja.

Ukuta alidondoka, akainuka haraka akipangusa vumbi. Sumaku alibaki chini. Kwa muda mfupi hakujua yuko wapi. Aliona anga, akaona uso wa rafiki yake umemwinamia, akasikia jina lake likiitwa kwa mbali kama mtu anayeita akiwa ndani ya pipa.

Mwalimu wa michezo alikuwa upande wa pili akimwelekeza mshambuliaji. Aligeuka. "Vipi huko, mko sawa?"

"Tuko sawa, Mwalimu," Ukuta alijibu upesi. Kisha akamnong'oneza Sumaku, "Simama. Unakumbuka alivyosema jana? Atakayeumia sasa, namba yake inachukuliwa. Mimi sisemi, na wewe usiseme."

Sumaku alisimama. Dunia iliyumba kidogo, kisha ikatulia. "Sisemi," alisema.

Kesho yake mambo hayakuwa mazuri. Kichwa kiligonga kama mtu anayebisha hodi asiyekata tamaa. Darasani mwanga wa dirishani ulimchoma macho, na maandishi ubaoni yalikataa kutulia. Hesabu moja aliinakili mara mbili bila kujua. Asubuhi hiyo alikuwa ametia chumvi kwenye chai badala ya sukari, na mama yake, baada ya funda la kwanza, alimtazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, akili yako leo iko wapi?"

"Kwenye fainali, Mama."

Mama alicheka na kumwaga chai. Sumaku naye akacheka, ingawa kucheka kuliuma.

Jioni hiyo alikuwa mezani akijaribu kufanya kazi za shule. Mama alikuwa akishona vifungo, na mama mdogo alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, akisimulia mambo ya kazini kama kawaida yake.

"Watu hudhani ubongo hauna ulinzi," mama mdogo alisema. "Wanaona fuvu tu. Kumbe ndani yake mna walinzi. Zipo protini ambazo ubongo unazitengeneza wenyewe. Seli za neva zikiumia, baadhi ya protini hizo zinaonekana kuwakinga majirani wa ile seli iliyoumia, wasife nao. Hakuna anayeziagiza. Zinajua zamu yao."

"Mungu ni fundi," mama alisema, akikata uzi kwa meno.

"Fundi haswa. Ila sasa, kuna jambo..."

Sumaku hakusubiri kusikia hilo jambo. Alikwisha kusikia alichokihitaji. Alifunga daftari, akaenda kuosha vyombo, moyo ukiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Kumbe hakuwa anadanganya mtu. Kichwani mwake kulikuwa na walinzi, na walinzi walikuwa kazini.

"Tuna walinzi," alimweleza Ukuta siku ya Ijumaa wakienda uwanjani. "Mama mdogo ndiye kasema. Ubongo unajitibu wenyewe."

"Nilijua tu," Ukuta alisema. Lakini alikuwa amefinya jicho moja kwa sababu ya jua, na siku hiyo hakuimba njiani.

Mazoezini Sumaku alifungwa mabao manne. Mpira wa mwisho ulikuja polepole, wa kudakwa na mtoto wa chekechea. Aliona mipira miwili. Aliudaka ule ambao haukuwepo.

"Jua, Mwalimu," alisema. "Liliniingia machoni."

Mwalimu alitazama nyuma. Jua lilikuwa nyuma ya goli, mgongoni mwa Sumaku. Alimwambia kipa wa akiba, msichana mpole waliyemwita Kimya, akae golini kwa dakika zilizobaki.

Jumamosi mama alikuwa na nguo za harusi za kupeleka kwa mteja, na mama mdogo alikuwa na zamu.

"Twende wote kazini," mama mdogo alimwambia Sumaku. "Nina watoto elfu kadhaa wananisubiri niwalishe."

Watoto hao walikuwa seli. Mama mdogo alimpa Sumaku koti jeupe lililomfika kwenye vifundo vya miguu, akamketisha kwenye chumba chenye hadubini iliyounganishwa na skrini. Yeye aliingia chumba cha pili, na kupitia kioo Sumaku alimwona akivaa glavu, akifungua kabati la joto na kutoa visahani vya plastiki vilivyo angavu kama maji. Alifanya kila kitu taratibu. Hata kifuniko cha kisahani alikiinua kana kwamba kuna mtu amelala chini yake. Sumaku hakuamini kwamba huyu ndiye yule asiyeweza kuamka asubuhi.

Alipomaliza kubadilisha maji ya lishe, alikuja na visahani vitatu na kuweka cha kwanza chini ya hadubini.

"Hizi ni seli za neva. Zimetoka kwenye ubongo wa panya, tumezikuza hapa. Tazama."

Kwenye skrini kulikuwa na vinundu vidogo vinavyong'aa, na kutoka kila kinundu zilitoka nyuzi nyembamba zilizoshikana na nyuzi za jirani. Katikati ulipita mstari mweusi mtupu.

"Huo mstari nimeuchora mimi, kwa ncha ya plastiki. Ndilo jeraha. Sasa angalia pembeni yake."

Pembeni mwa mstari vinundu vilikuwa vimesinyaa na nyuzi zimekatika vipande vipande. Uharibifu ulikuwa umesambaa mbali na mahali pa jeraha.

"Lakini hizo hukuzigusa," Sumaku alisema.

"Sikuzigusa. Seli ikipasuka inamwaga vitu ambavyo vikizidi ni sumu kwa wenzake. Kwa hiyo hata aliyekuwa mbali na ajali anaumia." Aliweka kisahani cha pili. "Hizi nazo zimekatwa vile vile. Tofauti ni kwamba tumeziongezea ile protini ya ulinzi."

Sumaku alisogea. Mstari ulikuwepo, lakini pembeni yake seli nyingi zilikuwa zimesimama, nyuzi zao nzima. Moja ilikuwa imeanza kunyoosha uzi mpya kuelekea upande wa pili wa jeraha. Alisahau kichwa chake kwa muda.

"Kwa hiyo zinapona," alisema kwa furaha. "Walinzi wanashinda."

"Hapa kwenye kisahani, mara nyingi. Kwa binadamu bado tunatafuta, na itachukua miaka. Usije ukatangaza mtaani kwamba nimepata dawa, wataniita profesa."

Sumaku alitabasamu, kisha akauliza, macho yakiwa kwenye skrini, "Na zikikatwa tena? Kwa mfano kesho yake, kabla hazijapona?"

Mama mdogo aliweka kisahani cha tatu. Sumaku hakuhitaji kuelezwa. Mistari ilikuwa miwili. Kati yake na pembeni yake, karibu kila kitu kilikuwa kimekufa, ingawa protini ya ulinzi ilikuwepo humo.

"Hilo ndilo nililotaka kusema juzi, ukakimbilia vyombo," mama mdogo alisema. "Walinzi wanahitaji muda. Ukiwaletea ajali ya pili wakiwa bado na ile ya kwanza, wanazidiwa." Alizima taa ya hadubini. "Sasa niambie. Watu wote wanaokuja hapa huuliza seli zikikatwa nini kinatokea. Wewe umeuliza zikikatwa kesho yake. Kwa nini?"

Sumaku aliinamisha kichwa. Alitazama mikono yake iliyopotea ndani ya mikono ya koti.

"Na tangu tuingie," mama mdogo aliendelea kwa upole, "umefinya macho kila ninapowasha taa. Juzi ulitupikia chai ya chumvi. Nilipaswa kuuliza siku ile ile."

"Niligonga kichwa," Sumaku alisema. "Jumatano. Mazoezini." Mara maneno yakaanza kutoka yenyewe: kuumwa, kizunguzungu, mipira miwili, jua ambalo halikuwepo. Aliposema yote, alikuwa analia, na kulia nako kuliumiza kichwa.

Mama mdogo hakugomba. Alimpigia simu mama, wakakutana kituo cha afya. Daktari alimulika macho ya Sumaku, akamsimamisha kwa mguu mmoja, akamwambia ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma. Alikwama kwenye Jumanne.

"Ni mtikiso wa ubongo," daktari alisema. "Apumzike. Asikimbie, asicheze, na apunguze kusoma na kutazama simu mpaka dalili ziishe. Baada ya hapo arudi uwanjani hatua kwa hatua, na mimi nitakuwa nimemwona kwanza."

"Fainali ni Jumatano," Sumaku alisema kwa sauti ndogo.

"Ubongo hausomi kalenda," daktari alijibu, akiandika barua ya shule.

Walipofika nyumbani mama alimshika Sumaku mabega. "Mimi nashona matundu ya watu kutwa nzima. Tundu ambalo silioni nitalishonaje?"

Sumaku alilala siku hiyo yote iliyobaki. Lakini kulikuwa na neno moja ambalo hakulisema, wala kwa mama mdogo wala kwa daktari. Alisema aligonga kichwa. Hakusema aligongana na nani.

Jumapili alitembea taratibu hadi nyumba ya tatu, kwa kina Ukuta. Alimkuta ameketi ukumbini, mapazia yamefungwa mchana kweupe, kofia ya baba yake ameivuta hadi kwenye nyusi.

"Nimewaambia," Sumaku alisema. "Mambo yangu tu. Nawe useme yako."

"Mimi nina nini cha kusema?"

"Umefunga mapazia."

"Kuna joto." Ukuta aligeuza uso. "Sikiliza. Wewe huchezi, sawa. Mimi nikikosa pia, nani atabaki nyuma? Usiniharibie. Uliahidi."

Sumaku alirudi nyumbani akiwa mzito. Ahadi ilikuwa ahadi. Alijaribu kuiweka ahadi hiyo upande mmoja na kisahani cha tatu upande wa pili, na kila alipojaribu aliona ile mistari miwili.

Jumatatu mama alimsindikiza shuleni na barua ya daktari. Mwalimu wa michezo aliisoma amesimama nje ya chumba cha walimu, akaisoma tena.

"Ni ile kona," alisema. "Niliwauliza mkasema mko sawa, nami nikaridhika kwa sababu ndilo jibu nililolitaka." Alikunja barua. "Pole, binti. Uligonga nini, nguzo?"

Hapo Sumaku angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa fupi. Uwanjani, hatua chache kutoka pale, Ukuta alikuwa akiwapanga wasichana wadogo kwa gwaride la asubuhi, mkono mmoja umekinga macho.

"Hapana, Mwalimu. Niligongana na Ukuta. Kichwa kwa kichwa. Naye mwanga unamchoma macho."

Ukuta aliitwa. Alikuja kwa kujiamini, akamwamkia mama wa Sumaku, akasema hana tatizo lolote, Sumaku anakuza mambo. Hakumtazama rafiki yake.

"Vizuri," Mwalimu alisema. "Basi tembea juu ya mstari huu wa chokaa, kisigino mbele ya kidole, hadi kwenye ile nguzo."

Ukuta alipiga hatua nne. Ya tano ilikwenda pembeni. Alirudi kwenye mstari, akapepesuka tena, na mama wa Sumaku akamdaka kabla hajaanguka. Ukuta alikaa chini pale pale kwenye chokaa, akafunika uso.

"Naona vitu viwili viwili," alisema. "Tangu Jumatano."

Daktari yule yule alimpima, akamtuma hospitali kubwa kupigwa picha ya kichwa. Wazazi wake walisubiri majibu mpaka alasiri. Hakukuwa na damu iliyovuja, lakini daktari aliwaambia waziwazi kwamba yeye ameumia kuliko mwenzake, na kwamba kama angepiga mpira wa kichwa siku ya fainali, wangekuja kuzungumza mengine.

Fainali ilichezwa bila kipa wa kwanza na bila beki wa kati. Walifungwa mawili kwa moja. Kimya alipangua penalti kwa mguu, jambo ambalo hata yeye hakujua alilifanyaje, na akatoka uwanjani amebebwa na wenzake kwa shangwe. Sumaku alitazama kipindi kimoja tu akiwa kivulini, kama alivyoruhusiwa, kisha akapelekwa nyumbani. Alihuzunika, bila shaka. Kombe lilikwenda shule nyingine.

Kilichomuuma zaidi ni ukimya wa Ukuta. Siku tisa zilipita bila salamu. Siku ya kumi, alasiri, mtu aligonga mlango.

"Nimekuja kurekebishiwa sketi," Ukuta alimwambia mama. Hakuwa na sketi mkononi.

Mama alitazama ile mikono mitupu. "Fundi wa hiyo sketi yuko uani," alisema.

Uani Sumaku alikuwa akianika nguo. Ukuta alichukua vibanio na kuanza kumpa kimoja kimoja.

"Nilikukasirikia," alisema.

"Najua."

"Leo asubuhi nimeamka nikaona mlango mmoja. Mmoja tu. Nikakaa kitandani nikiutazama." Alimpa kibanio kingine. "Baba anasema nije nikushukuru. Ila nimekuja mwenyewe, si kwa sababu ya baba."

"Ningevunja ahadi ile mara mia," Sumaku alisema. "Lakini nilitetemeka."

"Ulitetemeka? Mimi ndiye niliyekaa kwenye chokaa mbele ya shule nzima."

Walicheka, na safari hii hakuna kichwa kilichouma.

Mama mdogo, aliyekuwa amerudi kutoka kazini mapema, alisimama mlangoni akiwasikiliza. Alikuja akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Mwalimu wenu kanipigia simu," alisema. "Anataka niende niwaeleze wachezaji wote habari za ubongo. Kasema pia kuanzia sasa, atakayegonga kichwa anatoka, na namba yake inamsubiri mpaka apone. Niwaambie nini watoto hao? Nisaidieni."

"Waambie habari za walinzi," Sumaku alisema.

"Nitawaambia. Lakini wewe uliisikia nusu, ikakudanganya." Mama mdogo aliwatazama wote wawili. "Basi sikieni nusu iliyobaki. Walinzi wa ndani ya kichwa hufanya kazi bila kuambiwa, usiku na mchana, na tunawashukuru. Lakini wapo na walinzi wa nje: mama yako, baba yake, mwalimu, daktari, mimi hapa. Sisi hatuna macho ya kuona ndani ya fuvu. Hatuwezi kuanza kazi mpaka mtu aseme ukweli. Kuficha maumivu si ushujaa. Ushujaa ni kusema pale ambapo kusema kunakugharimu kitu. Na ukimsemea rafiki anayeshindwa kujisemea, hujamsaliti. Umemlinda."

Ukuta aliuliza kama anaweza kuziona zile seli kwa macho yake.

"Jumamosi," mama mdogo alisema. "Lakini mje kuniamsha."

Wiki tano baadaye daktari aliwaruhusu kurudi uwanjani, kwanza kutembea, kisha kukimbia, kisha mpira. Siku ya mazoezi kamili ya kwanza, mshambuliaji alianguka na kugonga kichwa ardhini. Kabla Mwalimu hajapuliza filimbi, msichana yule alikuwa amekwisha kuinua mkono mwenyewe.

"Mwalimu," aliita, "nimeumia."